Kupima sumu ya shaba kwa mwani wa maji baridi kwa chupa ishirini na moja

Shirika la Afya Duniani linakubali shaba hadi miligramu 2 katika kila lita ya maji ya kunywa. Sasa chukua maji ya mvua, yatie nusu ya kiwango hicho, kisha mimina humo mwani wa kijani uliouchota kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Kwa upande wa shaba, mtu angeyanywa maji hayo bila kudhurika. Mwani utapauka ndani ya siku chache. Kwa hiyo ukisikia maji ya mto fulani yamepimwa na yako salama, uliza ni salama kwa nani.

Mwongozo huu ni kwa walimu wenzangu wa biolojia na kemia, na kwa wanafunzi wenye klabu ya sayansi. Nimechagua shaba peke yake. Chumvi yake, mrututu, inauzwa kwenye maduka ya pembejeo, na huku Kilimanjaro wakulima wa kahawa wamepulizia mibuni dawa za shaba kwa miongo mingi kupambana na chulebuni na kutu ya majani. Mvua ikinyesha, shaba nyingine hubaki udongoni, nyingine hufuata mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia, hadi mtoni. Zebaki, risasi, kadmi na aseniki usizilete darasani hata kama mtu anakupa bure.

Mwaka wa kwanza tulikosea vibaya. Tulichota maji ya bwawa la samaki, tukatia mrututu hadi miligramu 1 ya shaba kwa lita, tukangoja wiki nzima. Mwani ukazidi kustawi. Wanafunzi wakaandika kwa wino kwamba shaba haidhuru mwani, nami nikatia tiki. Baadaye tukarudia kwa maji ya mvua na mwani ukafa kwa shaba kidogo kuliko ile. Tofauti haikuwa kwenye shaba. Bwawa lile lilikuwa limewekwa samadi, na asidi za mboji zilizomo zilikuwa zimeikamata shaba kabla haijaifikia seli. Mashine ya maabara ingesoma miligramu 1 katika maji yote mawili. Hatua zote zinazofuata zimepangwa ili usiingie kwenye mtego huo.

Kwanza, kinachotokea ndani ya seli

Shaba kidogo ni chakula. Mwani huihitaji kutengeneza plastosianini, protini inayobeba elektroni wakati wa usanisinuru. Ikizidi, inaanza kukaa mahali pasipo pake. Inaichukua nafasi ya magnesiamu katikati ya molekuli ya umbijani, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga, na umbijani wa namna hiyo haufanyi kazi. Inashikana na salfa iliyo kwenye vimeng'enya na kuviziba. Inachochea kuzaliwa kwa oksijeni kali zinazotoboa utando wa seli, na potasiamu inavuja nje. Seli nayo haikai kimya: hutengeneza fitokelatini, nyuzi fupi za protini zinazoifunga metali isizurure. Lakini kazi hiyo ina gharama, na seli inayotumia nguvu zake kujilinda inachelewa kugawanyika. Ndiyo maana tunapima kasi ya kukua badala ya kungoja kifo. Kasi hupungua mapema sana, wakati maji bado yanaonekana ya kijani.

Metali nyingine zina hila zao. Kadmi hujifanya zinki. Aseniki, ikiwa katika umbo la aseneti, hufanana na fosfeti na kuingilia mlango uleule, hivyo huwa kali zaidi pale fosfeti inapokuwa haba. Zebaki ndiyo inayotisha kuliko zote, hata pale isipoua mwani. Bakteria wa matope huigeuza kuwa zebaki ya methili, na mruko mkubwa kuliko yote katika safari yake ni ule wa kutoka majini kuingia kwenye mwani: ndani ya seli inaweza kuwa maelfu hadi mamia ya maelfu ya mara zaidi ya ilivyo majini. Baada ya hapo mwani huliwa na vijidudu vya maji, vijidudu na dagaa, dagaa na sangara. Watu wa Minamata, Japani, ambao ugonjwa wao ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, waliipata sumu hiyo kwa kula samaki na kombe. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaooshea karibu na mito wangefaa kuijua njia hiyo, maana zebaki inayomwagika pale haipotei.

Hatua ya 1: Pata maji na mwani

Kinga maji ya mvua kwenye beseni la plastiki lililowekwa uwanjani, mbali na paa. Usichukue yanayotiririka kutoka kwenye mabati. Mabati yamepakwa zinki, nayo ni metali kama nyingine, na utakuwa umeanza jaribio maji yakiwa yameshachafuka. Chemsha maji, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Maji ya bomba yana klorini, usiyatumie.

Mwani unaotafutwa ni ule unaoyafanya maji yenyewe kuwa chanikiwiti, kama kwenye birika la mifugo au tangi la saruji lililosahaulika. Ule wa nyuzi ndefu uache, huwezi kuuhesabu. Chuja kwa soksi ndefu ya nailoni kuondoa viluwiluwi vya mbu na vijidudu vinavyokula mwani.

Usichukue mwani wa kuanzia kwenye mto uliochafuliwa tayari. Mfano mzuri ni Mto Nyamwamba kule Kasese, Uganda. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulifanya kazi kuanzia 1956 hadi 1982 na kuacha malundo ya mabaki kando ya mto unaoelekea Ziwa George. Katika mito ya namna hiyo seli dhaifu huondoka zamani, wakabaki sugu na watoto wao. Ukiuleta mwani sugu kwenye chupa zako utaona shaba haina neno, na hutakuwa umedanganywa na shaba bali na ukoo wa mwani.

Otesha mwani mama: lita 1 ya maji ya mvua, nusu gramu ya mbolea ya NPK 17-17-17 iliyosagwa, na chembe ya sodiamu baikaboneti, ile wanayoilainishia maharage. Weka karibu na dirisha, tikisa kila upitapo. Baada ya siku saba hadi kumi hamishia mililita 50 kwenye maji mapya, kisha rudia mara moja tena. Epuka mbolea ya kupulizia majani. Nyingi zina EDTA, kemikali inayofunga metali, na itaifunga shaba yako vilevile.

Hatua ya 2: Chupa

Unahitaji chupa 21 za plastiki angavu zilizokuwa za maji ya kunywa, za ukubwa mmoja. Sita ni za kulinganishia, hazitiwi shaba kabisa. Kumi na tano zilizobaki ni za viwango vitano vya shaba, tatu kwa kila kiwango. Usiridhike na chupa moja kwa kila kiwango, maana chupa moja ikipata uchafu huna namna ya kujua.

Maabara huloweka vyombo kwenye asidi ya naitriki. Sisi tunaloweka kwenye siki nyeupe usiku kucha, kisha tunasuuza mara tatu kwa maji ya mvua yaliyochemshwa. Sabuni ya unga isiguse chupa hizi.

Hatua ya 3: Changanya shaba

Vaa glovu na miwani. Mrututu unachoma macho na ni sumu ukinywewa, kwa hiyo chupa yake iandikwe SUMU kwa maandishi makubwa na isifanane na ya soda. Hakikisha una fuwele za buluu. Dawa nyingine za shaba za dukani, za unga wa kijani au wa kahawia, si mrututu na hesabu za hapa hazizihusu. Fuwele zilizogeuka nyeupe zimepoteza maji yake, nazo ziache.

Shaba ni kama robo tu ya uzito wa mrututu. Ukiyeyusha gramu 3.93 katika maji hadi kufikia lita 1, unapata miligramu 1,000 za shaba kwa lita. Hilo ni tangi kuu. Siku ya jaribio, na si kabla, chukua mililita 10 za tangi kuu, ongeza maji ya mvua hadi lita 1. Sasa una miligramu 10 kwa lita. Usilaze mchanganyiko huu hafifu, kwa sababu sehemu ya shaba hujishika kwenye kuta za chombo.

Kila chupa itajazwa hivi: mililita 160 za maji ya jaribio, mililita 20 za mwani, na mililita 20 ambazo ni shaba pamoja na maji ya mvua ya kujazia. Maji ya jaribio ni ya mvua yenye gramu 0.05 tu ya NPK kwa lita. Chakula kingi hapa si hisani, maana fosfeti nayo hushikana na metali. Kama mizani yako haisomi uzito mdogo hivyo, yeyusha gramu 1 katika lita moja na utumie mililita 50 za hiyo kwa kila lita.

Kwa bomba la sindano, kiasi cha mchanganyiko wa miligramu 10 kwa lita cha kutia katika kila chupa ni:

- Kulinganishia: hakuna shaba, maji mililita 20
- Miligramu 0.01 kwa lita: mililita 0.2
- Miligramu 0.03: mililita 0.6
- Miligramu 0.1: mililita 2
- Miligramu 0.3: mililita 6
- Miligramu 1: mililita 20

Viwango vinapanda kwa kuzidisha karibu mara tatu, badala ya kuongeza kiasi kilekile kila mara. Ukipanga 0.2, 0.4, 0.6 utakuta chupa zote zimekufa au zote ziko hai, na mahali pa kuvutia pamebaki kati ya sifuri na ya kwanza.

Hatua ya 4: Hesabu seli

Nenda maabara ya zahanati au hospitali iliyo jirani, uombe kuazima kioo cha kuhesabia chembe za damu. Aghalabu kuna cha zamani kabatini. Chukua tone la mwani, tia ayodini ile ya kupimia wanga ili seli zitulie, weka chini ya hadubini. Hesabu seli kwenye miraba mikubwa minne ya pembeni, fanya hivyo pande zote mbili za kioo, tafuta wastani wa mraba mmoja, zidisha kwa 10,000. Hiyo ni idadi ya seli katika mililita moja. Seli iliyokaa juu ya mstari wa juu au wa kushoto ihesabu, iliyo kwenye mstari wa chini au wa kulia iache. Wanafunzi hubishana sana juu ya hili, basi amueni kabla hamjaanza.

Tunataka kila chupa ianze na seli 50,000 kwa mililita. Ikiwa mwani mama una 2,000,000, uchanganye sehemu moja na sehemu tatu za maji upate 500,000, kisha mililita 20 za huo ndani ya mililita 200 zitakupa 50,000. Maabara kubwa huanza na 10,000 au chini ya hapo, na wana sababu: seli zikiwa nyingi zinagawana shaba, kila moja inapata kidogo na sumu inaonekana pungufu. Lakini kwa kioo cha kuhesabia, 10,000 ni seli moja tu kwa kila mraba na hesabu yako itayumba. 50,000 ni suluhu ya mwenye vifaa vichache.

Ukikosa hadubini kabisa, panga chupa mbele ya karatasi nyeupe uzilinganishe kwa macho. Utapata mpangilio wa nani kapauka zaidi, bila kasi. Picha za simu ziwe za chupa zote kwa pamoja, kwa kuwa simu hujirekebishia mwanga yenyewe kila unapopiga.

Hatua ya 5: Siku tano dirishani

Chupa zikae kwenye mwanga mwingi usio wa jua kali. Pazia jeupe linatosha. Jua la saa saba likiziingia moja kwa moja, maji yatapata joto na mwani wote utaungua, wenye shaba na usio na shaba. Vifuniko vilegezwe hewa iingie. Tikisa asubuhi, mchana na jioni, na kila siku badilisha nafasi za chupa. Andika namba za siri badala ya viwango, ili anayehesabu asijue anahesabu chupa ipi. Mwanafunzi anayejua kwamba chupa ina sumu huona seli chache.

Maabara humaliza kwa saa 72 chini ya taa zisizozimwa. Sisi tuna jua la saa kumi na mbili, kwa hiyo tunakwenda siku tano. Hesabu siku ya kuanza na siku tano baadaye, na katikati ukiweza, saa ileile.

Chupa za kulinganishia zina mtihani wake: lazima seli ziwe zimeongezeka angalau mara 16. Zisipofika, jaribio zima halihesabiki. Pima pia pH, kipimo cha uasidi wa maji, siku ya kwanza na ya mwisho. Mwani unapokula kaboni dioksidi pH hupanda, na ikipanda sana shaba hubadilika umbo na kupungua makali. Kupanda kwa zaidi ya 1.5 kwenye chupa za kulinganishia ni dalili kwamba mwani ulikuwa mwingi mno au chupa zilibanwa vifuniko.

Hatua ya 6: Kokotoa

Tuseme, kwa mfano tu, chupa za kulinganishia zimetoka 50,000 hadi 1,200,000. Hiyo ni mara 24. Bonyeza ln (logi asilia) ya 24 kwenye kikokotoo, unapata 3.18. Gawa kwa siku 5: kasi ni 0.64 kwa siku. Chupa za miligramu 0.1 zimetoka 50,000 hadi 300,000, yaani mara 6. ln ya 6 ni 1.79, kasi ni 0.36. Shaba imepunguza kasi kwa 0.28, ambayo ni karibu asilimia 44 ya 0.64.

Wengi huchukua njia ya mkato, wanasema seli ni 300,000 badala ya 1,200,000, kwa hiyo upungufu ni asilimia 75. Hesabu hiyo si ya uongo, ila inategemea ulingoja siku ngapi: ungengoja siku nane ingekuwa kubwa zaidi kwa sumu ileile. Kasi haina tatizo hilo. Andika upande wa kasi, na useme wazi kwamba ni kasi.

Chora viwango kwenye mstari wa mlalo kwa hatua za kuzidisha, asilimia za upungufu kwenye wima. Mahali mchoro unapokata asilimia 50 ndipo kiwango chako cha nusu, yaani shaba inayopunguza kasi kwa nusu.

Hatua ya 7: Maji matatu, shaba moja

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na mtu mwenye muda mfupi angefanya hii tu. Chagua kiwango kimoja kilichodhuru waziwazi, tuseme 0.3. Andaa maji ya aina tatu: ya mvua, ya mvua yaliyolowekwa majani yaliyooza hadi yakawa rangi ya chai, kisha yakachujwa, na ya mto au kisima chenu, yaliyochujwa na kuchemshwa. Kila aina iwe na chupa tatu zenye shaba na tatu zisizo nayo. Zile zisizo na shaba usiziruke. Maji ya kisima yanaweza kuukuza au kuuchelewesha mwani kwa sababu zake, na bila hizo utailaumu shaba bure.

Kwa kawaida maji ya mvua ndiyo huwa makali kuliko yote. Maji ya rangi ya chai huulinda mwani kwa mboji yake. Maji magumu, yale yanayoacha utando mweupe kwenye sufuria, huulinda kwa njia nyingine: kalsiamu na magnesiamu hugombania na shaba milango ya kuingilia kwenye seli. Ndiyo sababu mto laini unaoshuka mlimani unaweza kudhurika kwa shaba ambayo mto mwingine ungeivumilia.

Hatua ya 8: Wamekufa au wamelala?

Baada ya siku tano, chukua mililita 10 kutoka chupa za 0.3 na 1, tia kwenye mililita 190 za maji ya jaribio yasiyo na shaba. Ngoja wiki moja hadi mbili. Ukijani ukirudi, shaba ilikuwa imezizuia seli tu. Usiporudi, zilikufa. Kioo cha kuhesabia hakiwezi kukuambia hili, kwa kuwa seli iliyokufa jana bado inaonekana na kuhesabika leo. Ukitazama kwa hadubini utaona zile zilizovimba, zilizopauka, au zilizoshindwa kuachana baada ya kugawanyika.

Kuna atakayeuliza kama basi mrututu unafaa kusafisha bwawa lililojaa mwani. Jibu ni hapana. Kiasi kinachoua mwani hakiko mbali na kinachoua samaki, na mwani wa buluu-kijani ukifa kwa mpigo humwaga sumu zake zote majini.

Hatua ya 9: Kumwaga

Usimwage kwenye sinki wala mfereji. Kusanya kila kitu kwenye ndoo moja, pamoja na maji ya kusuuzia na mabaki ya tangi kuu kama hutayahifadhi. Tia chokaa kidogo kidogo huku ukikoroga hadi pH ifike 9 hivi. Shaba itaganda na kuzama kama uji wa buluu. Mkulima wa kahawa akipita ataitambua, kwani mrututu na chokaa ni dawa ya zamani ya mibuni. Acha usiku mzima, mwaga maji ya juu kwenye udongo mkavu mbali na kisima, kausha uji juani kwenye beseni, kisha fungia unga kwenye mtungi wenye jina na tarehe. Wa kwetu uko rafu ya juu ya maabara, na kwa miaka yote hii haujajaa hata robo.